Posho ya Pagazi

Ndugu yangu mwenye mji, wewe uliyeoa mke mmoja ukapewa ukoo mzima, sogea karibu nikusimulie. Najua na kwako yapo. Pengine kwako ni pampu ya maji, pengine ni jiko la gesi, pengine ni rimoti ya televisheni. Kwangu mimi ilikuwa oili, tena oili ya kijiko na kidogo.

Ilikuwa usiku wa siku ya 19. Nasema siku ya 19 ya mayai, kwa sababu hapa kwetu Ipuli, Tabora, tulishaacha kuhesabu siku kama watu wengine. Tangu mke wangu alete ndani mashine ya kuangulia vifaranga, wiki haina Jumatatu wala Ijumaa. Siku ya 1 mayai yanaingia. Siku ya 7 yanamulikwa kwa tochi, yasiyo na mbegu yanatolewa. Siku ya 18 yanaacha kugeuzwa. Siku ya 21 nyumba nzima inaamka alfajiri kusikiliza kama kuna anayegonga ganda kutoka ndani. Kitinda mimba wetu aliulizwa shuleni leo ni tarehe ngapi, akajibu, "Siku ya 12." Mwalimu akampa vema, maana kwa bahati ilikuwa kweli tarehe 12.

Basi usiku huo mvua ya Desemba ilishuka na upepo, umeme ukakatika saa mbili, na ndani ya mashine kulikuwa na mayai 88 yanayotaka joto la nyuzi 37.5. Hakuna aliyeshtuka. Kwa ajili ya usiku kama huo tulikuwa na kijenereta chetu cha wati 650, kinakaa nje chini ya mwembe, kimejengewa kibanda cha bati. Tunamwita Pagazi. Shemeji alivuta kamba mara mbili, Pagazi akawaka, taa zikarudi, mke wangu akamshukuru Mungu, tukarudi kwenye ugali na mlenda wetu.

Nusu saa haikutimia, mlio ukabadilika. Ukawa mwembamba, ukapanda, ukakwaruza, halafu ukakatika ghafla. Giza.

"Ameishiwa mafuta," alisema mke wangu.

"Tangi limejaa, mama. Nimejaza mwenyewe," alisema kitinda mimba.

Shemeji akatoka na tochi. Akavuta kamba, haikuja. Akakanyaga fremu kwa mguu, akavuta kwa mikono miwili, kamba ikagoma kabisa. Akarudi ndani amelowa chapachapa, akasema neno moja tu: "Amenoki."

Kabla sijaendelea nikutajie watu wa mji wangu, maana usipowajua hutaelewa nani alimuua Pagazi. Na nikuambie mapema: hakuuawa na mtu mmoja.

Mke wangu ni Mama Vifaranga. Mwanamke mchapakazi, anayejua kila shilingi ya nyumba hii imelala wapi na itaamka lini. Baba yake ni Guku Reli. Guku ni babu kwa Kinyamwezi, na reli ni kwa sababu alifanya kazi karakana ya reli hapa Tabora mpaka akastaafu, na mpaka leo ana kitambaa cha kufutia grisi kwenye mfuko wa koti la kanisani. Mama wa mke wangu ni Bibi Zidisha. Alikuja kutusalimia mwezi wa 4 na gunia la michembe, akasema anakaa siku mbili. Michembe iliisha mwezi wa 6. Bibi Zidisha haamini kwamba kuna kitu duniani kinaharibika kwa kuongezwa mafuta, iwe mboga, nywele au bawaba ya mlango.

Kaka wa mke wangu ni Shemeji Jicho. Huyu hajawahi kununua futi kamba. Banda lote la kuku amelijenga kwa kufumba jicho moja, na nikiri kwamba limesimama. Kisha binti yetu wa kidato cha pili, Kalkuleta, anayehesabu hata vipande vya nyama kwenye bakuli kabla ya kunawa. Na huyo kitinda mimba wa darasa la 3 ni Kibiriti. Jina hilo alipewa baada ya mambo mengine ambayo leo siyagusi.

Mimi mwenyewe ni Mzaramo wa Kisarawe, mwalimu wa historia, niliyeletwa Tabora na barua ya uhamisho nikabakizwa na ndoa. Na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, utani ambao wazee wanaueleza kwa misafara iliyokuwa ikishuka pwani na kupanda bara, ndani ya nyumba hii sina pa kushitaki. Shemeji akichukua viatu vyangu ni utani. Akivirudisha vimepasuka, ni utani bado.

Jina la Pagazi alilitoa Guku Reli siku tuliyomleta nyumbani. Mama Vifaranga alikuwa amevunja kikoba, tukaenda sokoni, tukarudi naye kwenye bajaji. Guku alimzunguka mara tatu, akampapasa ubavuni, akasimulia habari ya babu wa babu yake aliyebeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, mzigo wa frasila mbili begani, kama kilo 32 hivi. Akamaliza, "Huyu naye atabeba taa, friji na mayai. Ni pagazi. Na pagazi, mkwe wangu, ni posho. Ukimpunja posho anatupa mzigo njiani."

Maneno hayo ningeyashika, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Muuzaji alituambia jambo moja tu la maana: mashine hii hainywi petroli tupu. Inataka petroli iliyochanganywa na oili yake maalumu, moja kwa hamsini. Akaandika kwa kalamu ubavuni mwa kidumu, 50:1. Karatasi ya maelezo ilikuwemo ndani ya boksi, lakini asubuhi ya pili Bibi Zidisha aliwashia nayo jiko la mkaa, akitusifu kwa kununua vitu vinavyokuja na karatasi nzuri kavu. Maandishi ya kidumu nayo, baada ya wiki mbili za kushikwa na mikono yenye petroli, yalibaki 50 tu. Hamsini ya nini, kila mtu akajijibu mwenyewe.

Bibi Zidisha alijibu wa kwanza. Yeye alielewa hamsini kwa hamsini, nusu kwa nusu, kama maziwa na chai. Kwa kutuhurumia akashusha, akaweka glasi moja ya oili kwa lita mbili za petroli. Jioni hiyo Pagazi aliwaka kwa shida, akakohoa, akatoa moshi wa buluu mzito. Moshi ukashuka kwenye ua, ukaingia kwa jirani, ukamkuta jirani anakula. Alikuja mbio na ndoo ya maji, na kanga ya mkewe begani kwa haraka, akidhani tunaungua. Tulimpa kiti, tukampa chai, tukamweleza kwamba hatuungui, tunachanganya. Baada ya robo saa Pagazi akazima mwenyewe. Shemeji alipochomoa plagi ilikuwa nyeusi, imelowa oili na masizi, haiwezi kurusha cheche hata kwa kuombewa.

Nilimwambia mama mkwe kwa heshima zote, "Mama, nadhani oili imezidi."

Hapo ndipo Guku Reli aliposimama kumtetea mkewe, na Guku akisimama kutetea jambo la chuma, uji unapoa. Alituketisha chini ya mwembe akatusimulia habari ya meli ya Liemba. Mimi ni mwalimu wa historia, habari hiyo naijua, lakini si adabu kumkatiza baba mkwe.

Meli ile, alisema, iliundwa Ujerumani mwaka 1913, katika mji wa Papenburg, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapandishwa treni. Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo meli nzima ilipita hapa hapa mjini kwetu ikiwa ndani ya mabehewa. Ikaungwa Kigoma, ikaingia ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wabelgiji wakaja, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiichukue, Julai 26, 1916. Lakini kabla ya kuizamisha mainjinia walifanya nini? Guku alinyanyua kile kitambaa chake. Walipaka injini grisi nene, kila mahali. Meli ikalala majini miaka minane, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakakuta injini zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

"Miaka minane ndani ya maji!" Guku alisema. "Kilichoiokoa ni grisi. Sasa ninyi mnamgombeza mwanamke kwa glasi moja?"

Ndugu yangu, utajibu nini hapo? Habari ni ya kweli tangu mwanzo hadi mwisho. Kosa lake ni moja tu, kwamba injini ya Liemba ilipakwa grisi ili ilale, na Pagazi wetu alikuwa anatakiwa afanye kazi. Grisi ya kulaza injini unaweka utakavyo. Oili ya kuichomea kazini ina kipimo chake. Hilo nililijua, lakini nililisema kwa sauti ndogo, na kwa baba mkwe sauti ndogo haihesabiki.

Baada ya Bibi akashika zamu Shemeji Jicho. Alisafisha plagi kwa brashi ya waya, akachukua chupa angavu, akatia petroli, akadondosha oili nyekundu akiinua chupa kwenye mwanga. "Ikifika rangi ya chai ya rangi iliyopoa, basi," alisema. Na nikiri, kwa mwezi mmoja jicho lake lilitulisha vizuri. Pagazi aliwaka, akatulia, moshi ukawa mwepesi. Shemeji akaanza kutembea mtaani kama injinia.

Kisha dukani oili nyekundu ikaisha, tukauziwa ya kijani. Shemeji alitia, akatazama, akatia tena, chai ya rangi haikuonekana. Ni rangi ya dawa tu, ndugu yangu. Watengenezaji wanaiweka ili ukiona petroli ujue hii imechanganywa na ile haijachanganywa. Haikuwekwa ikwambie imechanganywa kiasi gani. Jicho lililokuwa linapima lilikuwa linapima rangi, oili ilikuwa inampita pembeni.

Sasa nifike kwenye nyonyo, maana hili lilitutia mgogoro wa siku nne.

Siku moja oili iliisha kabisa na maduka yamefungwa. Bibi Zidisha akaingia chumbani, akatoka na chupa yake ya mafuta ya nyonyo, yale anayopaka wajukuu kichwani na kumpa mtu kijiko tumbo likifunga. Akasema, "Nyonyo inalainisha mtoto, itashindwa kulainisha chuma?" Akamimina kwenye kidumu, akakitikisa kwa nguvu, akakiweka. Asubuhi Kalkuleta alipokiinua kwenye jua, petroli ilikuwa juu na sehemu kubwa ya nyonyo imetuama chini kama asali kwenye chupa. Tukakimwaga kabla hakijamfikia Pagazi.

Lakini Kalkuleta ni mtoto anayetaka kujua mpaka mwisho. Akaenda maktaba ya shule, akarudi na jibu ambalo lilimpandisha Bibi cheo. Kumbe mafuta ya nyonyo ni mafuta ya injini kweli! Ndege nyingi za Vita vya Kwanza vya Dunia, zenye injini zinazozunguka pamoja na panga lake, zilitumia nyonyo. Na mpaka leo wako watu wanaorusha ndege ndogo za mfano, injini yake inaenea kiganjani, na mafuta yake ni methanoli iliyochanganywa na nyonyo. Mchanganyiko wa mashindano ya kimataifa, alisoma, ni methanoli 80 kwa mia na mafuta ya kulainishia 20 kwa mia. Nyonyo inakubaliana na methanoli kwa sababu methanoli ni aina ya spiriti. Kwa petroli haikubaliani vizuri, ndiyo maana ilituama. Nikamwambia pia, na wewe nakwambia, methanoli si kitu cha kuleta nyumbani penye watoto. Ni sumu, inapofusha na kuua, na mwali wake mchana hauonekani.

Bibi Zidisha alifurahi mno. "Si niliwaambia?" Alisema hivyo kwa siku nne, kwa kila aliyepita uani.

Shida ni Shemeji Jicho, ambaye alikuwa mlangoni akasikia sehemu tu. Alichoshika ni "ishirini". Akaja kwangu kwa furaha: "Shemeji, dunia nzima wanaweka ishirini!" Na ni kweli kwamba kipimo cha Pagazi nacho ni ishirini, lakini ni mililita 20 kwa lita. Ile ya ndege ni asilimia 20. Katika lita moja asilimia 20 ni mililita 200. Neno moja, na tofauti yake mara kumi! Kalkuleta alimchorea mjomba wake kwa kijiti kwenye mchanga: asilimia 20 maana yake sehemu moja katika tano, na moja kwa hamsini ni karibu asilimia 2. Mjomba akatazama ule mchoro kwa jicho moja, akasema ameelewa. Kesho yake tukaona tena moshi wa buluu.

Mama Vifaranga alikuwa ametazama haya yote kimya, na kimya chake kina hesabu. Chupa ya oili ilikuwa inaisha kila wiki. Akaenda kwa jirani, yule yule wa ndoo, ambaye naye amenunua jenereta, kubwa kidogo kuliko yetu. Akamkuta anajaza petroli tupu. Haongezi chochote, na mashine inanguruma bila moshi. Mke wangu alirudi na uso wa mtu aliyegundua kwamba ameibiwa miezi mitatu. "Baba watoto," aliniambia, "oili ni biashara ya wauzaji. Jirani hatii hata tone."

Nilimjibu kwamba mashine ya jirani ni ya aina nyingine. Ile ina tumbo lake la oili chini, unaijaza mara moja, inazunguka humo humo, unaibadilisha ikichakaa. Petroli inapita njia yake na oili inakaa kwake. Nilieleza vizuri, kwa mifano, kama ninavyoeleza darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa." Wewe uliyeoa unajua "sawa" ya namna hiyo inamaanisha nini.

Siku ya 19 alimtuma Kibiriti kituo cha mafuta na kidumu kipya, akamwagiza ajaze tangi la Pagazi. Kibiriti alijaza lita nne kamili, hakumwaga hata tone. Mtoto alifanya kazi yake sawasawa kuliko sisi wote.

Sasa turudi kwenye lile giza. Mayai 88, siku mbili zimebaki. Hakuna aliyemlaumu mwingine usiku ule, nalisema hilo kwa heshima ya ukoo huu. Bibi Zidisha alichemsha maji jikoni nje, Kalkuleta akajaza chupa za plastiki, Shemeji akazifunga kwa taulo, mke wangu akazipanga ndani ya mashine kuzunguka mayai bila kuyagusa. Guku alishika kipimajoto na saa yake ya reli, akitangaza nyuzi kila robo saa kama anatangaza treni. Mtu mmoja alitaka kuingiza jiko la mkaa chumbani. Nilisimama mlangoni nikakataa, maana hewa ya mkaa inaua watu wamelala, na ndiyo sababu hiyo hiyo Pagazi hakuwahi kulala ndani hata siku ya mvua. Tulibadilisha chupa mpaka saa kumi na moja alfajiri, umeme uliporudi. Kifaranga aliyekaribia kutoka ana joto lake mwenyewe kidogo, na nadhani hilo ndilo lililotusaidia. Siku ya 21 walitoka 57. Mama Vifaranga alilia, akacheka, akawahesabu mara tatu.

Pagazi tulimpeleka kwa fundi. Alikaa huko siku tisa, kila siku kesho. Nilipoanza kulalamika Guku alinikumbusha kwamba Livingstone alikaa pale Kwihara, kilomita chache kutoka hapa, akiwangoja wapagazi kutoka pwani tangu Machi mpaka Agosti 1872, na mahali alipokaa tunakwenda kupatazama. "Na wewe wa pwani umengoja siku tisa tu," alisema. Utani huo sikuujibu.

Fundi alifungua silinda mbele yetu sote, maana tulikwenda wote, kama tunakwenda kumtazama mgonjwa. Akatuonyesha pistoni imechubuka ubavu mzima, ringi zimeganda kwenye mifereji yake, ukuta wa silinda una michirizi. Akaeleza, na hapa ndipo ukoo wangu uliponyamaza kwa mara ya kwanza. Mashine hii haina tumbo la oili. Petroli inapotoka kwenye kabureta inapita kwanza chini, kwenye shafti na bearingi zake, ndipo inapanda juu ya pistoni kuungua. Oili inasafiri ndani ya hiyo petroli. Inapita inalainisha, inapita inaungua, inatoka kwenye eksozi. Haina pa kukaa. Kila tone la petroli lazima lije na oili yake mkononi. Ikizidi, plagi inajaa masizi na mashine inakosa nguvu. Ikikosekana, chuma kinasugua chuma, kinapata moto, kinatanuka, kinashikana.

Guku Reli alivua kofia. "Ni posho," alisema taratibu. "Kila mmoja na kibaba chake."

Na hapo, ndugu yangu, niliona jambo ambalo nilikuwa nalifundisha miaka yote bila kulileta nyumbani kwangu. Misafara iliyopita Tabora ilikuwa na mamia ya watu, wa makabila na lugha tofauti, wengine hawapendani. Pamoja nao zilitembea hesabu ambazo kila mtu anazielewa. Kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku. Vibaba vinne ni pishi. Nguo kwa doti, na doti ni mikono minane. Pembe kwa frasila. Mtu hakuhitaji kumwamini jirani yake wala kumshinda kwa maneno. Kibaba kilikuwa pale, kila mmoja anakiona. Nyumbani kwangu tulikuwa watu saba, tunapendana, tunaongea lugha moja, na tulikuwa na vibaba vitano: glasi ya Bibi, jicho la Shemeji, grisi ya Guku, akiba ya Mama Vifaranga na mihadhara yangu mimi. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake kidogo. Kilichokosekana ni kipimo kimoja mezani.

Na hicho kipimo kilikuwa ndani ya nyumba miaka yote. Kalkuleta ndiye aliyekiona. Jioni tuliyomrudisha Pagazi, na pistoni mpya, silinda mpya na deni jipya kwenye kikoba, alimkuta mama yake anachanganya vitamini za vifaranga kwenye maji. Mama Vifaranga hapimi dawa ya kuku kwa jicho hata siku moja. Anatumia bomba la sindano, lile kubwa la mililita 20, na anaangalia mstari kwa tochi. Kalkuleta akasema, "Mama, bomba hilo moja ndiyo lita moja ya Pagazi."

Mke wangu alitazama bomba. Akatazama chini ya mwembe. Akatoa noti, akamtuma Kibiriti duka la dawa za mifugo akanunue bomba jingine, akalifunga kwa uzi kwenye kidumu. Hakuna aliyesema neno. Mashauri yangu yote ya miezi mitatu yalimalizwa na uzi wa kushonea.

Sasa tuna sheria. Petroli inachanganywa kwenye kidumu, kamwe si ndani ya tangi. Oili inatangulia na petroli kidogo, kinatikiswa, ndipo petroli iliyobaki inaongezwa, kinatikiswa tena. Pagazi anazimwa na kupoa kabla ya kujazwa. Lita moja, bomba moja. Lita nne, mabomba manne. Shemeji Jicho ndiye mchanganyaji mkuu, na anasoma mstari wa bomba akiwa amefumba jicho moja. Bibi Zidisha anapewa ruhusa ya kuongeza tone moja mwishoni, tone la baraka. Nililipima tone hilo, halifiki mililita moja, haliwezi kumdhuru mtu wala mashine.

Kama na wewe una mashine ya namna hii, iwe kijenereta, msumeno wa mnyororo au pikipiki ya zamani, usimwachie mtu yeyote akumbuke kwa kichwa. Tafuta namba yake kwenye mashine yenyewe, maana hazilingani. Chukua mililita 1,000, gawanya kwa namba hiyo, na jibu ndilo oili ya lita moja: ikiwa 25 ni mililita 40, ikiwa 40 ni mililita 25, ikiwa 50 ni mililita 20. Andika jibu ukutani kwa rangi ya mafuta, juu kuliko mkono wa mtoto unapofika, na funga bomba kwenye kidumu leo, kabla umeme haujakatika.